Jina la Mji Alikokwenda Dada

Kila Ijumaa asubuhi nyumba yetu ya Sharafiya, Jeddah, ilinuka kolonya mpaka kwenye ngazi, maana Baba hakujua kupaka kidogo. Alikuwa mwalimu, na hakuacha kitu bila kukieleza. Hayo maji ya kunukia, alisema huku akijipiga mashavu, yamepewa jina la mji wa Ujerumani. Wenyewe wanauita Köln, na kuutamka sharti uchongoe midomo kama unayepuliza chai ya moto; Waingereza wanauita Cologne, wakaweka na herufi wasizozisoma; Waarabu, Kulunia. Wote wamelirithi neno la Warumi, kwa sababu Warumi waliufanya mji huo koloni lao. Nilikuwa na miaka tisa na sikujali hata kidogo, mpaka dada yangu Zuhura alipopata nafasi ya kusomea uuguzi huko huko.

Hapo nikajali. Zuhura ndiye aliyenisuka nywele, na tulilala kitanda kimoja. Nikamfuata Mama jikoni akisukuma chapati, nikamnong'oneza maana ya lile jina. Mama, mtu wa Tanga, akauweka chini mti wa kusukumia. "Koloni? Wajerumani walishatutawala kwetu, leo niwapelekee binti kwa mikono yangu mwenyewe? Halas! Haendi mtu." Siku tatu nyumba haikukalika. Baba alieleza Warumi, akachora na ramani nyuma ya bahasha. Mama akajibu mafi, hakuna. Mimi nilikula chapati zangu kwa raha.

Siku ya nne, tukila, Zuhura akasema, "Mama naye na majina! Baba si anaitwa Simba? Na juzi kaona mende, kapanda kiti." Mama alijikaza, akashindwa, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Baba akanung'unika kwamba mende yule alikuwa anaruka. "Haya, nenda mwanangu," Mama akasema. Nikajua nimekwisha. Uwanja wa ndege nililia kwa kelele mpaka askari akaniletea juisi.

Siku hizi nafanya kazi Riyadh, na Zuhura namwona kwenye simu nikitaka, ila nywele najisuka mwenyewe. Mwezi uliopita nilikiri kwamba mchongezi nilikuwa mimi.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Nilikuwa naogopa safari, nikaomba ushinde."

"Sasa ya mende ulisema ya nini?"

"Nilitaka Mama acheke kwanza, nyumba itulie, ndipo nimwambie siendi."