Mama Vumbi na pengo lililozibwa

Saa moja asubuhi, Christella Mukunde yuko juu ya ngazi mtaani Batsinda, jijini Kigali, brashi mkononi, anamalizia herufi za mwisho kwenye ukuta wa saluni. Wapita njia wanamsalimu kwa jina lisilo lake. Wanamwita Mama Vumbi, naye anaitika bila kugeuka.

Jina hilo ndilo lililomgombanisha na watu wa suti mwezi uliopita, na hasira bado haijamtoka.

"Kila mtu ananiambia nitulie," anasema akishuka kusuuza brashi. "Wanaosema hivyo hawajawahi kuibiwa mama."

Mama Vumbi ni mfagia barabara katika vitabu vya katuni ambavyo Christella huvichora akitoka kazini. Ana fulana ya kung'aa, ufagio, na pengo pana la meno ya mbele. Kwa kuwa ameinama barabarani tangu alfajiri, hakuna anayemtilia maanani, na hivyo huona yote: dereva aliyegonga mtu akakimbia, bosi anayemnyima yaya mshahara.

Hakumtoa mbali. Mama yake mzazi, Kabagwira, alifagia barabara za eneo la Sonatubes kwa miaka mingi, hadi gari lilipomvunja nyonga. Pengo ni lake. Familia ilikuwa imerudi Kigali kutoka Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako Christella alizaliwa, akajifunza Kiswahili na kuanza kusoma katuni kuukuu zilizouzwa kwa mafungu chini ya mwavuli.

Leo ana miaka thelathini na minane. Bango moja la duka humpa faranga elfu kumi na tano, likipatikana. Kitabu kimoja cha katuni humgharimu elfu moja na mia mbili kukichapisha, naye hukiuza elfu moja na mia tano. Nakala nyingi hununuliwa na wachuuzi wa Kabuga, pembezoni mwa jiji, wanaosomeana kwenye basi.

Kwa wachoraji kama yeye, mahali pekee pa kukutana na wasomaji wengine ni tamasha la katuni, lililoanzishwa na Viateur Gasana, mwalimu wa sanaa wa sekondari. Mwaka wa kwanza ukumbi ulijaa. Tangu hapo limekuwa likikonda. Mwaka huu Gasana alipewa ukumbi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambayo asubuhi yote jiji huwa katika kazi za jamii na maduka yamefungwa. Hakuna mwingine aliyeitaka tarehe hiyo.

Ukumbi, viti na vipaza sauti vililipiwa na kampuni ya sabuni. Kwa malipo hayo kampuni ilijichukulia jukwaa lote, ikaandaa mashindano ya mavazi ya mashujaa wa sinema za ng'ambo. Wachoraji wa Rwanda, ambao tamasha ni lao, walipangiwa meza kwenye ujia wa kwenda chooni.

Hilo Christella angelimeza. Lakini alipofika getini alikuta bango refu kuliko mtu, na juu yake Mama Vumbi. Walikuwa wamempausha ngozi na kumkaza kiuno. Ufagio ulikuwa umeondolewa, akashikishwa chupa ya sabuni. Pengo limezibwa kwa meno meupe kama sahani. Jina la kampuni lilikuwa kubwa. La mchoraji halikuwapo popote.

"Nilisimama pale kama mtu aliyekuta nguo za mama yake zinauzwa sokoni," anasema.

Alimtafuta Gasana. Mwalimu alikiri kwamba alipokwenda kuomba ufadhili aliwaachia vitabu vya wachoraji ili waone kazi, na kwamba yeye pia aliliona bango asubuhi hiyo hiyo. Kisha akamsihi.

"Dada, nyamaza leo tu. Hawa wakiondoka, tamasha limekufa."

Christella anasema alimhurumia, na huenda angenyamaza. Ila akaja Rodney, afisa masoko wa kampuni hiyo, kijana mchangamfu aliyekulia Kampala. Akamweleza kwamba anapaswa kushukuru, maana mchoro wake utaonwa na jiji zima. Alipomuuliza kuhusu meno, Rodney alitabasamu.

"Dada, nani atanunua sabuni kwa mtu mwenye mdomo uliobomoka?"

Christella alikwenda mezani kwake, akachukua kopo la rangi nyeusi alilokuja nalo kuandikia kibao chake, akaburuta kiti mpaka getini. Mbele ya watu wote alirudisha pengo mahali pake. Halafu chini, kwa herufi za kusomeka ng'ambo ya barabara, akaandika: Mama Vumbi amechorwa na Christella Mukunde wa Batsinda.

Mlinzi aliamriwa amshushe. Alisogea, akakishika kiti kisiyumbe, akasubiri amalize.

Haikufika saa tisa, lori la kampuni likaja. Wakapakia viti, vipaza sauti, jukwaa na bango lenyewe. Wageni wachache waliokuwapo wakabaki wamesimama katika ukumbi mtupu, na wengi wao wakaondoka.

Silvère, mchoraji aliyejibana mwaka mzima ili achapishe kitabu chake cha kwanza, alianza kufunga mizigo yake. Alipita mbele ya Christella, akasimama.

"Umetetea cha kwako," alimwambia, "ukazika chetu."

Hadi leo maneno hayo yanamchoma kuliko yote aliyoambiwa na Rodney. Waliobaki walitandika vitenge sakafuni, wakasomeana vitabu mpaka jioni.

Jioni hiyo alimwonyesha mama yake picha ya bango, iliyopigwa kabla hajalipaka rangi. Kabagwira aliitazama, akauliza, "Huyu ni nani?"

Wiki iliyofuata kampuni ilipiga simu. Ilikuwa tayari kumlipa kiasi kinachozidi anachopata kwa mwaka mzima wa kuandika mabango, mradi tu akubali kwamba Mama Vumbi ni mali yao daima. Alikataa, ingawa kodi ya nyumba ilikuwa imeshapita tarehe yake. Mwandishi huyu alipoitafuta kampuni, ilijibu kwa sentensi moja kwamba inathamini ubunifu wa Wanyarwanda. Ilipoulizwa kwa nini ilimchukua Mama Vumbi bila idhini, haikujibu tena.

Ni mwanasheria Ingrid Ihirwe, aliyewahi kufundishwa na Gasana, aliyejitolea kulibeba suala hilo bila malipo. Amekwisha kusajili hakimiliki na kuiandikia kampuni. Mabango mengine yaliyokuwa yamebandikwa madukani yameondolewa kimyakimya. Hakuna aliyeomba radhi, na Christella amesema madai yataendelea hadi radhi hiyo itamkwe.

Tamasha nalo halijazikwa. Yeye na Gasana wamekubaliana kulihamishia Kabuga mwakani, siku ya soko, nje, bila ukumbi wala mfadhili. Gasana anahofia mvua. Christella amekwenda mwenyewe kwa Silvère kumwomba arudi. Kijana hakukubali wala hakukataa, ila alimsikiliza mpaka mwisho, akamsindikiza hadi barabarani.

Anayengojea siku hiyo kuliko wote ni Kabagwira. Ameshatangaza kwamba atakaa mezani yeye mwenyewe, wasomaji wamwone.

"Hajui kuandika," Christella anasema, akipanda tena ngazi, "lakini kila atakayenunua kitabu atawekewa alama ya dole gumba la mama ukurasa wa kwanza. Wino nimeshamnunulia."