Adabu ya Kutomtaja Mwalimu

Jina lake lilikuwa Sabanayagam. Nalitaja mapema kwa sababu najijua: nikiliacha hadi mwisho, nitapata kisingizio.

Alifundisha ngoma ya hekaluni katika nyumba ndefu yenye giza, nje kidogo ya mji wa Kumbakonam, kusini mwa India. Alikuwa mwembamba, mdomo mwekundu kwa tambuu, na mkononi hakukosa kijiti cha kugongea ubao. Ukikosea hatua hakukugombeza, aliacha tu kugonga, na kimya kile kilituuma kuliko bakora. Alijua nyimbo ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Alizipata kwa shangazi yake, mmoja wa wanawake waliowekwa wakfu kumchezea mungu wa hekalu la mji, kabla sheria haijapiga marufuku kazi hiyo na watu wenye heshima zao kuanza kuitemea mate kama ukahaba.

Sisi tulikuwa watu wenye heshima zao. Baba yangu alikuwa karani wa reli, Brahmini wa tabaka la juu, na mama alikubali nikajifunze kwa sharti moja: nisinywe hata tone la maji katika nyumba ile. Mwalimu hakuambiwa, lakini alijua. Kila baada ya somo alinipa ndizi isiyomenywa, maana tunda lililo ndani ya ganda lake halikututia unajisi. Nilikula ndizi zake miaka saba, wala sikuona ajabu.

Kwetu mwanafunzi hamtaji mwalimu wake kwa jina, kama mke asivyomtaja mumewe. Unasema "Mwalimu wetu", basi. Ukibanwa sana unataja kijiji chake. Ni adabu nzuri, sina ugomvi nayo. Ugomvi nilio nao ni na mimi niliyejificha nyuma yake.

Niliolewa Madras. Huko nilijifunza miezi mitatu kwa mwalimu mwingine, mtu maarufu mwenye gari, aliyeninyoosha shingo na kunionyesha namna ya kuinama mbele ya wapiga picha. Nikasifika. Nyimbo nilizosifiwa kwazo zilikuwa za Sabanayagam, zote, mpaka ya mwisho.

Ndipo kikaja kitabu. Kamati moja ya wapenzi wa muziki iliamua kuwaandika kitabuni walimu wa vijiji vya kwetu, kando ya mto Kaveri, kabla hawajafa na kusahaulika, ikamtuma bwana mmoja apite kwa wachezaji na kumuuliza kila mmoja alifundishwa na nani. Alipofika kwangu, sebuleni alikuwapo mama mkwe na wageni wake wawili. Nilijibu kwamba nilifundishwa na Mwalimu wetu. Yule bwana akatabasamu, maana alikuwa mtu wa huku na desturi aliijua.

"Mdomo ndio uliokatazwa, mama. Kalamu haina katazo," akasema, akanisogezea daftari.

Nikaishika kalamu. Mama mkwe akanyoosha shingo aone. Kama ningeandika Sabanayagam, wageni wale wangejua mara moja nimefundishwa katika nyumba gani na nyimbo zangu zimetoka kwa wanawake wa namna gani. Nikaandika jina la yule mwenye gari. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua, na aibu yake naibeba hadi leo.

Mwaka uliofuata Amirthavalli, binti yake Mwalimu, alifunga safari hadi kwangu na kitabu ndani ya kikapu. Nilimkaribisha kiti, hakukaa. Alinieleza kwamba baba yake sasa haoni, na kwamba kitabu kilipofika alimtaka amsomee ukurasa kwa ukurasa, akingoja jina lake. Wahenga wanasema mcheza kwao hutunzwa. Mzee yule alicheza na kuchezesha kwao miaka hamsini, na tunzo aliyoitaka ilikuwa mstari mmoja. Wanafunzi wake wengine hawakufika popote pa kuulizwa. Mstari wake ulikuwa mimi.

"Nilipofika ukurasa wako, nikamwambia mahali pa jina pameachwa wazi," Amirthavalli alisema. "Unajua alinijibu nini? 'Unaona? Vaidehi ana adabu. Ameulizwa na wakubwa wote wale na hakunitaja.' Tangu siku hiyo anachekacheka peke yake kama bwana harusi. Anakuita akubariki."

"Nitakuja, dada. Nitakuja nimwambie ukweli."

"Ukweli wako kaa nao. Kalamu ulipewa ukafanya ulivyotaka. Kule utakuja kubarikiwa, na utabarikiwa huku umenyamaza."

Nikaenda. Mwalimu alikuwa ameketi kibarazani na shuka jeupe jipya, na mbele yake wasichana wanane wa kijijini, wanafunzi wake wa mwisho, wamepangwa kwa urefu. Niliinama nikagusa miguu yake. Alinipapasa kichwa, akauliza kama ningali nina haraka kama zamani, akacheka. Nilifungua kinywa. Naapa nilikifungua. Amirthavalli alikuwa mlangoni ananitazama, nikakifunga. Hapana, nisimsingizie mtoto wa watu: nilikifunga kwa sababu baraka zilikuwa tamu.

Kisha Mwalimu akawageukia wale wasichana.

"Mtazameni huyu vizuri. Mtakua, mtacheza mbele za watu, mtaulizwa nani aliyewafundisha. Siku hiyo mfanye kama alivyofanya yeye. Mmenisikia?"

"Tumesikia, Mwalimu," wakaitikia wote wanane.

Alifariki kabla ya mvua.

Miaka kumi na miwili baadaye mmoja wa wasichana wale, Thaiyalnayaki, alicheza Madras katika ukumbi mkubwa, msimu wa maonyesho ya Desemba, watu wamejaa hadi milangoni. Alicheza wimbo wa Sabanayagam, akaucheza kunishinda. Alipomaliza, mtangazaji alimpa kipaza sauti, akamwomba atuambie msanii kama yeye ameandaliwa na nani. Msichana akainamisha macho.

"Na Mwalimu wetu," akasema, wala hakuongeza neno.

Ukumbi ulifurahi. Mzee aliyeketi kando yangu akaninong'oneza kwamba watoto wenye adabu kama huyu wamekwisha siku hizi. Nilikuwa safu ya mbele, hatua tano tu kutoka kwenye kile kipaza sauti. Nikamjibu kwamba ni kweli, nikaendelea kupiga makofi.