Msumari wa Fundi

Fundi wetu wa pikipiki hapa Musonoi huongea kwa sauti ya chini. Kila kazi ikiisha huzungusha waya ya kompyuta yake vidoleni, kisha huitundika kwenye msumari ukutani kwake. Asubuhi ile kampuni ya mgodi ilituletea tingatinga na askari, kubomoa nyumba zetu. Kompyuta ya fundi ilikuwa ikiandika upya programu ya injini ya pikipiki ya Mama Mushiya, jirani aliyetaka kuwakimbiza wanawe hadi mji wa Lubudi. “Tata, toka! Nyumba yako inaanguka!” nilimpigia fundi kelele. “Ngojeni,” akajibu. “Mi nikitoa waya sasa, pikipiki inakufa. Batoto bataenda na nini?” Nyuma yake ukuta ulianguka. Vumbi likafunika skrini, akalifuta kwa kiwiko. Injini ikawaka, Mama Mushiya akaondoka na watoto. Fundi akazungusha waya vidoleni, akageuka kutafuta msumari.