Zambarau ya Edmund

Edmund wa Mpepai hakuwa mtaalamu wa kitu chochote. Alikuwa mwosha vyombo katika maabara ya sekondari moja, na alipoacha kazi aliondoka na chupa mbili za dawa zisizo zake. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mwenye ulimi ana biashara. Naye akatandika turubai sokoni Mbinga, akavaa koti jeupe la mtumba, akawauzia unga wa lishe akina mama ambao watoto wao wamevimba miguu kwa kukosa protini. Debe tupu haliachi kuvuma.

"Protini ni mnyororo, akina mama!" alikariri. "Kiungo kile kile kinajirudia na kujirudia. Dawa hii ya buluu, mrututu, huvishika viungo hivyo, rangi ikageuka. Tazameni!"

Maneno hayo aliyadokoa kwa mwalimu wa kemia, na yalikuwa ya kweli. Uongo ulikuwa kwenye unga. Ule wa kuonyeshea aliuchanganya na usipa, dagaa wa ziwani, waliosagwa. Akiudondoshea dawa zake, unakuwa zambarau, watu wanapiga makofi. Wa kwenye pakiti ulikuwa mwingine.

Siku hiyo makofi yalikuwa hayajaisha alipotokea mama yake, Notburga, amembeba mgongoni Ida, yatima wa dada yake Edmund. Miguu ya mtoto iling'aa kwa uvimbe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Unga wako nampa asubuhi na jioni, simpi kingine, na nafuu haiji." Hakumlaumu, unga wa mwanawe ungekosaje kufaa? "Leo ndiyo nimeliona kosa langu. Kumbe wewe unatia mrututu, mimi sitii. Ule wa kupulizia kahawa bado ninao. Jioni nitamtilia kwenye uji."

Edmund, bwege yule, angalau moyo wa kushtuka alikuwa nao.

"Usithubutu, mama! Mrututu ni sumu!"

"Sumu?" wanawake wakamrukia. "Unatuuzia sumu, wewe?"

"Hamna mrututu kwenye pakiti!" akapiga kelele, koti limemvuka bega. "Hamna chochote humo! Mhogo! Ni mhogo mtupu!"

Notburga akaikaza kanga iliyombeba Ida, akaitoa pakiti kikapuni na kuiweka juu ya turubai.

"Mhogo ninao shambani, baba," akasema.