Jina Tulikuja Nalo

Kabla ya Ramadhani mwaka jana nilitoka Magomeni kwenda kijijini kwetu, upande wa Mnazi Bay, kuzuru kaburi la bibi mzaa baba. Kwenye historia ya ukoo ninayoiandika nilishaweka kwamba alizaliwa na kuzikwa hapo. Nilizunguka makaburini na panga langu la kufyekea, nikakagua kila kaburi, nikamkosa.

Shangazi alikuwa barazani akimenya mihogo. Nilipomweleza, alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Mwanangu, mama hayupo hapa. Tulipohamishiwa huku barabarani, jina la kijiji tulikuja nalo. Makaburi tuliyaacha kule kule."

Akanipeleka. Kule sasa ni mahame, mikorosho mizee imefungana matawi, na makaburi yako chini yake. Tulifyeka, tukamsomea Yasini.

Tangu siku hiyo siandiki jina la kijiji peke yake. Nauliza kila tukio lilitokea wapi hasa, kisha naandika: mahameni, au barabarani. Asiyejua namwambia akaulize kwanza. Ndugu kwenye kundi la simu wamenuna. Wanasema nawachosha kwa maswali, wanataka kitabu kiishe.

"Jina si ni lile lile?" kaka yangu aliandika wiki iliyopita. "Unahangaika nini?"

"Kwa jina hilo hilo nilifika," nilimjibu, "na bibi sikumwona."