Mjomba Alinikuta na Ufagio

Mkasa huu mke wangu huuhadithia kila penye harusi, kwa hiyo aibu ishavuja zamani, bora niusimulie mwenyewe usitiwe chumvi.

Nasomesha skuli moja huku Mtambile, mali ya ushirika wa wakulima wa karafuu, na pale mzazi, mwalimu na mwanafunzi kila mmoja ana kura moja, sawasawa. Watoto wakichelewa hupewa ufagio, basi wakaleta hoja mkutanoni kwamba walimu nao wafagie, na mimi (mhubiri mkubwa wa demokrasia) nikawa wa kwanza kunyoosha mkono. Nilijua mimi sichelewi.

Sasa, nilikuwa nimepeleka posa kwa kina Raya, na kwetu posa haijibiwi mpaka upande wa mwanamke wakuulizie ulivyo. Nikanong'onezwa kuwa mjomba wake Raya, Mzee Faki, mchuuzi wa samaki wa Tumbe ambaye hatujapata kuonana, atapita skuli asubuhi ile. Nikasema niipige pasi kanzu kidogo, na kidogo hiyo ikanichelewesha, kufika langoni namkuta Asha, mwenyekiti wa wanafunzi, ananingoja na ufagio. Nikatundika kanzu dirishani, nikabaki na fulana, suruali nimeikunja magotini, nafagia mbio mbio nimalize kabla ya mgeni, na mgeni huyo anaingia.

"Assalamu alaykum, kijana. Namtaka Mwalimu Khatibu. Yuko?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ni mimi. Nikasema, "Katoka kidogo, mzee."

"Basi ntamngoja." Akakaa barazani. "Hebu nambie, mtu gani huyo?"

Jamani, ulimi hauna mfupa. Nikamwambia ni mtu wa dini, mpole, ana heshima zake, na kazini (hili ndilo lililoniua) hajapata kuchelewa hata siku moja, na kila mzee akitikisa kichwa kwa kuridhika ndivyo nami nilivyozidi kumpamba, mpaka Asha akachungulia kutoka darasani.

"Mwalimu Khatibu, umesaza majani kule kisimani."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee Faki akaniangalia, akaiangalia kanzu dirishani, kisha akamwita Asha.

"Nani kampa ufagio mwalimu wenu?"

"Sote, mzee. Tulipiga kura. Na yeye alinyoosha mkono."

"Na afagia kweli?"

"Afagia. Ila hunung'unika."

Nikajua Raya nishamkosa, na nilimpenda, nasema kweli. Mzee akasimama, akakung'uta kofia yake.

"Uwongo wako sikuupenda," akasema. "Lakini mtu anokubali kuamuliwa na watoto, hatomwonea mwanangu Raya. Kamalize kule kisimani."

Tangu siku ile sijamsifu tena Mwalimu Khatibu mbele ya mtu. Raya tulioana, alhamdulillahi, tunaishi kwa raha, ila mambo ya skuli yaliingia nyumbani, kila jambo kura, na mama mkwe anaishi kwetu, kura zao mbili kwa yangu moja, basi uwanjani nafagia mimi. Juzi wamepiga kura kwamba hata kunung'unika nisinung'unike. Nimeshindwa.