Milango Minane ya Bonifasi

Mjinga wa siku ile alikuwa yeye. Bonifasi Mihayo hasubiri mtu amtangulie kulisema hilo. Analisema mwenyewe, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa ndani ya shimo la futi tisa ambamo kinachoonekana ni udongo mwekundu tu, ukirushwa nje koleo baada ya koleo.

“Andika hivyohivyo,” sauti inatoka shimoni. “Fundi alikuwa mjinga. Ila andika pia kwamba mashimo yalinyooka.”

Ukungu bado umeikalia milima ya Uluguru. Chini yake, kwenye uwanja wa mpira kando ya barabara ya kupandia milimani, yamesimama mahema sitini na mawili ya familia zilizohamishwa na maporomoko ya udongo wakati wa masika. Bonifasi, mwenye miaka 47, ndiye fundi wao wa vyoo. Kila siku anakuja kwa baiskeli kutoka Mafiga, kwa ujira wa shilingi elfu kumi na tano.

Leo anachimba huku sikio liko barabarani. Mhandisi Jonathan, wa shirika linalohudumia kambi, anakuja kukagua, na vyoo atakavyovikuta sivyo alivyovichora. Akiagiza virudishwe kama ramani inavyotaka, Bonifasi anajua watu watarudi wapi: vichakani, upande wa juu wa kijito kinachojaza tangi lao la maji.

Mashimo si mageni kwake. Miaka kumi na tisa iliyopita alishuka stendi ya Msamvu akitokea Nzega, na begi moja. Likaibwa kabla hajapata pa kulala. Akachimba mchanga, akachimba mitaro, akachimba misingi ya nyumba za wenzake. Mwaka mmoja mvua ikabomoa chumba alichopanga, akalala wiki tatu darasani na mkewe na watoto wawili.

“Chakula tuliletewa,” anasema. “Choo hakuna aliyekikumbuka. Njaa unaweza kuisema mbele za watu. Haja ile nyingine utaisema na nani?”

Ndiyo maana alipopewa kazi hii aliifanya kwa moyo wote. Vyoo vinane, mstari mmoja, milango yote ikitazama bombani, penye watu, ili mwanamke asije akaviziwa. Hivyo ndivyo ramani ilivyosema. Siku sita akamaliza, akapiga picha, akamtumia mkewe.

Hakuna aliyeingia.

Siku ya tatu sakafu zilikuwa bado zinang’aa. Watoto wanne walikuwa wameanza kuharisha, na bwana afya akaonya kwamba kijito kikichafuka, bomba litafungwa. Bonifasi akapanda juu ya pipa, akahutubia. Akawaeleza nzi, akawaeleza minyoo, akawaambia choo ni ustaarabu. Wakampigia makofi mazuri kabisa. Makofi yalipokwisha, wakachukua makopo yao ya maji, wakaenda vichakani.

“Nikasema moyoni, watani zangu hawa wametoka mlimani, mlima haujawatoka,” anasema, akicheka. Mnyamwezi na Mluguru wanataniana, kwa hiyo hata moyoni alijiona ana kibali.

Aliyemtoa tongotongo ni Zuleha Kibwana, mama wa watoto watano, muuza ndizi ambaye shamba lake limelala chini ya matope. Alimwita mbele ya foleni ya maji.

“Wewe Mnyamwezi, mama mkwe wako anakaa wapi?”

“Nzega.”

“Ndiyo maana una mdomo. Mama yangu ni yule pale, anakinga maji. Mume wangu ni yule nyuma yake. Sasa shika kopo hili, pita mbele yetu, uingie chooni kwako.”

Akashika kopo. Foleni nzima ikageuka kumtazama.

“Watu arobaini, kopo moja,” anakumbuka. “Nikafika kwenye mlango nilioupigilia kwa mkono wangu, nikajifanya nakagua bawaba. Nikarudi.”

Milimani huku mwanamume akioa, mara nyingi huhamia upande wa mkewe. Kambi imejaa wakwe. Nyumbani kila kaya ilikuwa na choo chake nyuma ya migomba. Mkwe hamwoni mkwe akienda huko, na akimwona, heshima inamtaka asiwe amemwona. Hapa wote walikuwa wamewekwa jukwaani, na walio bombani ndio watazamaji.

Siku hiyohiyo Bonifasi aling’oa milango. Minne akaigeuzia nyuma, akaizungushia turubai. Siku zilizofuata akachimba mashimo mapya nyuma ya goli la pili, akavihamishia huko vyoo vinne vilivyobaki kwa ajili ya wanaume, na njia yao peke yao. Zuleha na wenzake wakakata mianzi ya uzio, na taa ya sola ya pale bombani ikahamia njia ya wanawake.

Wiki mbili sasa hakuna mtoto mpya aliyeharisha. Sakafu nazo hazing’ai tena. “Choo kinachong’aa ni cha maonyesho,” anasema fundi.

Nyumbani ana kalibu mbili za kufyatulia sakafu za zege. Anataka zifike kumi kabla ya vuli, ili familia hizi zikipewa viwanja, kila moja ianze na choo chake. “Safari hii nitauliza kwanza nani ni mkwe wa nani, ndipo nichukue kamba ya kupimia.”

Saa nne mhandisi anafika.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, bosi.”

“Milango imegeuka.”

“Imegeuka.”

“Fundi, ramani hii imepita mikononi mwa wataalamu. Mila naiheshimu, lakini usalama una kipimo chake. Itabidi turudishe.”

Wanabishana nusu saa, Bonifasi akionyesha taa, mhandisi akionyesha karatasi. Ramani iliyorudi ofisini siku hiyo ina mishale ya kalamu inayogeuza milango, iliyochorwa na Jonathan mwenyewe, na alama ya kidole kilicholowa. Kidole ni cha Zuleha, aliyetua ndoo yake na kuomba naye aone hiyo karatasi.

“Hapa ni nini?”

“Mahema, mama.”

“Na hapa?”

“Bomba.”

“Na hivi?”

“Vyoo.”

“Umechora vizuri, mwanangu. Sasa nionyeshe mama mkwe umemchora wapi.”